Alichokiogopa Rehema

Mdogo wangu Anastazia, hamjambo huko nyumbani?

Kadi hii naitia kwenye bahasha, isisomwe njiani. Niko Mabatini, mwanangu alikopanga chumba, joto kali. Rehema wangu ana mimba, anataka kuitoa asifukuzwe chuo. Jana tukila samaki sato nikamwambia Mungu amekataza. Mama mwenye nyumba wake, ambaye hasali popote ila hagusi ugali mpaka nimalize kuomba, akasema, "Mama Rehema, mtoto anatetemeka. Muulize kwanza anaogopa nini."

Nikamuuliza. Rehema akajibu, "Nakuogopa wewe, mama."

Tonge nikalirudisha sahanini. Najiuliza yule asiyesali huruma ile kaitoa wapi. Kwangu bado ni dhambi, ila nimemwambia asiende kokote bila mimi, hata akiamua kuitoa mimba. Je, nimekosea? Tuombee, nawe Mungu akutunze.

Dada yako akupendaye, Mama Rehema