Jumanne Yako Shimoni

Mama Wairimu,

Mimi ni mzima. Nyasi za kaburi lako zimeshika. Nazikata mwenyewe kwa panga, na zimekaa sawa kushinda za kanisani. Ukiwa hai sikukuandikia barua hata siku moja. Tulikuwa tunalala nyumba moja, barua ya nini?

Nataka kukupa habari ya shimo.

Unajua mimi sikulipenda. Wewe na wanawake wa chama mlichimba shimo la gesi pale mpakani na kwa Mama Kimani, mkapitisha mipira ya gesi mpaka nyumba sita, kila nyumba na siku yake ya kulilisha samadi. Mlisema mmechoka na moshi, na miti ya Mutuini imeisha ikigeuka makaa. Mimi nikasema chai iliyopikwa na mavi ya ng'ombe siinywi. Hukubishana. Miaka yote hiyo ukanipikia yangu kando, kwa jiko la makaa nyuma ya nyumba, ukikohoa. "Mzee wangu ana kichwa cha fahali," uliwaambia, na mimi nasikia.

Tulipomaliza kukuzika, Mama Kimani alikuja akakaa kwa kiti chako. "Baba Wairimu, Jumanne ilikuwa ya marehemu. Na kanuni alitunga yeye mwenyewe: nyumba isiyolisha, mpira unakatwa. Tuukate?"

Mpira wako ukatwe na mimi niko? Nikamwambia angoje Jumanne aone samadi ambayo hajawahi kuona.

Na aliona. Ng'ombe wetu hana mwenzake kutoka hapa mpaka Dagoretti Corner. Lakini zizi lile, kusema ukweli, wewe ulikuwa unalifagia tu. Mimi ni mtu wa usafi. Kila Jumanne niliosha sakafu kwa sabuni ya unga na dawa ya choo, ikang'aa, nikasukuma maji yote ndani ya shimo pamoja na samadi.

Moto ukaanza kulegea. Halafu ukazima, nyumba zote sita. Wanawake wakarudi kwa makaa. Mama Kimani akainama akanusa. "Baba Wairimu, mbona shimo linanuka hospitali?"

Nikamweleza. Akafunga macho. Alisema ndani ya samadi kuna vijidudu, hivyo ndivyo vinatengeneza gesi, na mimi nimeviua kwa usafi. Mmoja akasema, "Bado kidogo angemwosha ng'ombe matumbo." Wakacheka. Mwingine hakucheka. Alisema tukishatoa uchafu huu, tuanze upya na Jumanne ipewe nyumba nyingine, maana mwenyewe hayuko.

Jumanne yako ipewe mtu? Nikaenda kuchukua ndoo.

Tulichota shimo kwa ndoo, mimi mbele, na umri huu. Mama Kimani akasema vijidudu vipya vinapatikana kwenye uchafu wa tumbo la ng'ombe aliyechinjwa saa hiyo. Sikungoja mtu. Nilisukuma mkokoteni mpaka kichinjioni, nikarudi nao umejaa na bado una joto. Vijana wa boda boda wakaniuliza, "Guka, babu yetu, umebeba nini?" Nikawaambia, gesi.

Haikurudi haraka. Kila asubuhi niliwasha kiberiti kwa jiko lako la gesi, hakuna kitu. Asubuhi moja moto ukashika, mdogo, wa buluu. Nikateleka chai kwa sababu moto ulikuwa unaenda bure. Haina harufu yoyote. Majani ndiyo nilizidisha, sikujua wewe ulikuwa unaweka kiasi gani.

Kwa mkutano wa chama Mama Kimani aliita nyumba moja moja, vile amezoea. Akafika kwa Jumanne, akasema "Mama Wairimu," ulimi ukamteleza. Yule aliyetaka siku yako akainua kichwa.

Nikasema, "Niko."

Wakageuka wote. Hakuna aliyecheka. Mama Kimani akaniangalia kidogo, akaita nyumba ya Jumatano.

Basi pumzika. Lile jiko la makaa nimelipandia dania ya kutia mchuzini. Sakafu nitaiosha kwa maji matupu, ingawa inaniuma. Na maadamu napumua, Jumanne wakikuita, nitaitika.

Ni mimi,
Baba Wairimu