Mzee Didace alivyomlalia kanali

Badria, hutaamini. Baba yake Gaudiose kamwangusha kanali wa jeshi! Mzee Didace! Yule mpole, aliyekimbia vita kwao!

Si unajua leo wanajeshi walikuja hapa Dallas kusaini mkataba wa utafiti na chuo chetu cha Wamarekani Weusi? Gaudiose ndiye aliyekuwa anawaonyesha kofia aliyoiunda, ile inayotambua risasi zinatoka upande gani. Akamkalisha baba yake mbele kabisa, kando ya kanali. Alimweleza kila kitu isipokuwa kimoja tu: kwamba atafungulia milio ya bunduki kwenye spika.

Ule mlio wa kwanza tu, mzee kisharuka! Kamkaba kanali, kambwaga sakafuni, kiti kikavunjika, jino la kanali likang'oka. Akamlalia juu, akamziba mdomo kwa nguvu zote, damu inapita katikati ya vidole.

Wanajeshi wanne wakamvamia. Mateke ya mbavu, goti shingoni, mkono wakaupinda mpaka ukalia KAA! Tuliusikia ukivunjika, Badria, tuliusikia! Mzee hakuachia. Alikuwa ananong'ona tu, "Usilie, mwanangu, watatusikia."

Kanali mwenyewe ndiye aliyewazuia.

Sasa tuko hospitali. Mkataba hakuna anayeutaja. Mzee kafungwa plasta, anauliza swali moja tu, "Mtoto alipona?"

Gaudiose akamwambia, "Niko hapa, baba."

"Si wewe. Yule mdogo, wa kiume."

Badria, Gaudiose amekua akijua kwamba yeye ni mtoto wa pekee.