Tangazo la Kukimbilia Mlimani

Mpendwa Mama mdogo,

Shikamoo. Nakuomba usiisome barua hii mbele ya mtu yeyote, hata mjomba. Ukimaliza, itie motoni. Nina miaka miwili tu kwenye kazi hii ya ukarani, na haya yakivuja kabla sijayarekebisha, sina kazi tena.

Unalikumbuka darasa la nne, kule ufukweni Mbamba Bay? Nyumbani ulikuwa Mama mdogo, shuleni ulikuwa mwalimu wangu, ukanikataza kukuita hivyo. Siku moja ulileta beseni la maji, ukalundika changarawe upande mmoja, juu yake ukapanga punje za mahindi ukasema hizo ni nyumba zetu. Kisha ukaligonga beseni kwa goti. Maji yakapanda, yakazoa mahindi.

"Nyumba ya kwanza ilikuwa ya nani?" ukauliza. Tukacheka. "Ya kwenu, wewe unayecheka kuliko wote."

Tangu hapo tuliimba kila Ijumaa: ardhi ikitikisika, jikinge, ikitulia, acha ziwa, panda mlimani. Na ilipotikisika kweli, vikombe vikagongana kabatini, ulitupandisha hadi kwenye mikorosho, mguu mmoja una kandambili, mwingine hauna. Ziwa halikufanya kitu. Majirani walikutania mwezi mzima, nawe ukawajibu, "Chekeni tu. Watoto wangu wote ninao."

Ndiyo maana Mtendaji wa kata aliponiambia, "Karani, wewe umesoma, tuandikie tangazo la majanga kwa shule zetu," sikuuliza mtu. Niliandika kama ulivyotufundisha, neno kwa neno. Akasaini bila kusoma, nikagonga muhuri, nikazipeleka nakala mwenyewe.

Mama mdogo, huku ni kwa Wamatengo, milimani. Hakuna ziwa la kulikimbia.

Wiki iliyopita nilikwenda kwenye shule moja iliyo chini kabisa ya mteremko mkali. Zamani mteremko ule ulichimbwa ngoro, yale mashimo ambayo wenyeji huyapanga kama matundu ya sega ili mvua itulie humo, udongo usishuke. Wenye shamba walihama, mashimo yakafukika, na masika yaliyopita yakaacha ufa ulioumeza mkono wangu hadi kiwiko; ardhi ikitikisika, mteremko wote utaporomoka. Nikiwa bado pale, kengele ya mazoezi ikalia. Watoto wakatoka chini ya madawati, wakakimbia moja kwa moja kuelekea kwenye ufa, wakiimba maneno yako.

Nikapiga kelele warudi. Binti wa darasa la tatu akasimama mbele yangu, mikono kiunoni. "Karani, tangazo linasema mlimani. Au Mnyasa wa ziwani unaogopa kilima?" Wenzake wakaangua kicheko.

Nilimweleza Mtendaji. Alifunga mlango kwanza.

"Unataka niandike kwamba nilisaini kitu cha kuua watoto? Tetemeko lenyewe lini? Tutabadilisha mwakani." Kisha akauliza kwa upole, na upole ule ndio ulionitisha: "Hivi mkataba wako unaisha lini?"

Sasa ufunguo wa kabati la muhuri anakaa nao yeye. Mwalimu mkuu naye hathubutu kulibandua tangazo bila barua yenye muhuri. Mvua zimeanza. Radi ikinguruma naishika meza, nikidhani ni ardhi. Asubuhi watoto wa shule ile hunipita njiani, "Shikamoo karani," nami naitikia marahaba nikitazama viatu vyangu.

Jana nilijaribu kukulaumu wewe. Sikuweza. Wewe ulitazama kilichokuwa mbele yetu, ukatufundisha hicho. Mimi nilipanda huku, nikakaa mezani, sikuinua macho.

Alhamisi Mtendaji ana kikao wilayani. Nitakwenda shuleni niwaambie watoto kwa kinywa changu kwamba nilikosea, na tutafanya mazoezi ya kukimbilia uwanja wa mpira, mbali na mteremko. Akirudi jioni atakuwa ameshaambiwa. Naogopa sana, Mama mdogo. Naogopa zaidi kwamba watacheka tena, kisha watii karatasi. Wewe wangekusikiliza.

Kama unaweza kuja, usipige simu ya ofisini, huipokea Mtendaji mwenyewe. Panda gari la alfajiri, shuka stendi ya Mbinga, uchukue bodaboda. Mwambie dereva akupeleke shule iliyo chini ya kilima kilichopasuka, wote wanaijua. Ofisini usipite. Nitakuwa uwanjani na watoto.

Mwanao,
karani