Shimo la Kuku Katika Mchoro wa Daktari

Mama yangu mpendwa,

Nakusalimu kutoka huku Uholanzi, ambako mvua inanyesha kama ya kwetu Kuresoi lakini sina hata mche mmoja wa kuufurahia. Goti lako linaendeleaje? Ndugu yangu Kibet aliniambia siku hizi unalipaka mafuta ya kondoo na kwamba umeanza tena kushuka mwenyewe hadi mtoni, jambo ambalo nilikukataza. Na yule ng'ombe mwekundu, amezaa? Mimi mwili ni mzima. Roho ndiyo haijatulia, na ndiyo maana nimeandika badala ya kupiga simu. Kwa simu ungenikatiza ukaniambia tuombe kwanza.

Nimempata Daktari, Mama, yule msomi wa viazi. Sijakutana naye, la. Nimeipata ile hataza yake, kile cheti alichompungia Kibet kwa mbali akisema mashine ya kuchambua viazi ni yake na mtu mwingine asiitengeneze. Soma barua hii polepole, na ukifika mahali pa kukasirika, kasirika. Usiruke.

Majirani bado unawaambia nafanya kazi ya kompyuta, na si uongo, lakini kazi yangu hasa ni kutafuta. Kampuni yetu ina hifadhi kubwa ya tafiti za vyuo na hataza za nchi nyingi. Mtu akiwa na wazo, anakuja kwetu kuangalia kama mwingine hajamtangulia. Zamani ulikuwa unatafuta kwa maneno tu. Nami nimetafuta kwa maneno tangu siku ile polisi walipofika karakana ya Kibet kule Elburgon na kupakia kwenye lori mashine alizounda kwa mfano wa ile ya Baba, wateja wakiangalia. Nimeandika viazi, nimeandika mbao, nimeandika kuchambua, kwa Kiingereza na kwa lugha ambazo hata sizijui. Sikuona kitu. Nilifika mahali pa kuamini kwamba kile cheti kilikuwa karatasi ya kutishia watu.

Sasa hifadhi imeboreshwa. Siku hizi unaweza kuweka picha, nayo ikakuletea michoro inayofanana nayo, hata kama maneno yake ni tofauti kabisa. Pia wameingiza ripoti za wanafunzi wa vyuo vya kwetu, zile zilizokuwa zimelala kwenye makabati zikiliwa na panya. Kabla wateja hawajafunguliwa, sisi wafanyakazi tuliambiwa tujaribu. Wenzangu waliweka picha za baiskeli na za mashine za kahawa. Mimi niliweka ile picha uliyonitumia baada ya mazishi, Baba akiwa amesimama kando ya mashine yake, gumbuti miguuni na koti la kanisani mwilini.

Mchoro wa Daktari ulitokea wa kwanza kabisa. Unajua aliiitaje? Kifaa cha kutenganisha mazao ya mviringo kwa njia ya mteremko. Hakuna kiazi wala mbao katika jina hilo, na ndiyo sababu maneno yangu yote yalikuwa yanampita. Mahali pa mbunifu ameandika majina yake matatu na cheo mbele. Baba hayumo. Kuresoi haimo.

Lakini angalia alichofanya. Unakumbuka Baba alipokuwa anaunda ile mashine, mabaki ya mbao aliyobeba kutoka Elburgon yakamwishia kabla hajamaliza ubavu wa kushoto? Aling'oa mlango wa banda la kuku akaupigilia hapo hapo, pamoja na lile shimo la kuku kupitia, ambalo juu alikuwa amelikata kwa duara ili jogoo asiumie kilemba. Ukapiga kelele kwamba kuku wako watalala nje. Akasema ataliziba kesho. Hakuliziba mpaka anakufa, na viazi vikawa vinachomokea hapo hadi ukaamua kuweka beseni chini yake. Basi, Mama, shimo hilo limo katika mchoro wa Daktari. Limo ubavu uleule wa kushoto, na duara lake juu. Amelipa namba kama kiungo cha maana, na maelezo yake yanasema ni upenyo uliobuniwa mahususi kupitisha hewa ili mazao yasipate joto wakati wa kutenganishwa.

Nilicheka mpaka wa dawati la jirani akaniuliza kama niko sawa. Nilimpigia Kibet nikamtumia mchoro. Alipoutazama akasema, "Si hiyo ni mlango ya kuku?" Nikamwambia ndiyo. Akasema, "Huyu jamaa alicopy hadi mlango ya kuku. Na mimi ndio aliniita mwizi." Akakata simu. Baadaye nikaenda chooni nikalia, na nilipomaliza kulia ilibaki hasira tu, na bado iko.

Kwa sababu nakumbuka alivyokuja, Mama. Alikuja kutafiti mbegu za viazi, ukampa chumba cha Kibet, Kibet akahamia jikoni. Ulimchinjia kuku. Baba alifurahi vile msomi ameipenda mashine yake, akaifungua yote kipande kwa kipande ili Daktari apime, kisha akaiunga tena, na Daktari akimshikia misumari. Jioni Baba alikuwa anatuambia, "Huyu ni mtu wa maana, anauliza maswali mazuri." Maswali mazuri. Alikuwa anamla Baba hai naye Baba anampitishia chumvi.

Na nakumbuka Baba alivyofunga safari hadi ofisi yake Nakuru mashine za Kibet zilipochukuliwa. Alikaa kwenye kiti cha wageni kutwa nzima, akaambiwa mkubwa ametoka, na akamwona mkubwa huyo akiingia kwenye gari lake. Pale sokoni watu wakaanza kusema Mzee Sigei aliiba mchoro wa mgeni wake. Wewe uliniambia mwenyewe kwamba aliacha kuketi benchi la wazee kanisani, akawa anakaa la mwisho karibu na mlango, na ibada ikiisha anatoka kabla ya salamu. Mtu aliyelijenga kanisa hilo kwa mikono yake. Wewe unasema alikufa kwa kifua. Mimi sisemi hivyo.

Halafu mazishini. Nilikuwa nimekaa huku kwenye kitanda changu nikiangalia kwa simu ya Kibet, mtandao unakatika unarudi, na nikamwona Daktari amepewa kipaza sauti. "Mzee Sigei alikuwa mkono wangu wa kulia," akasema. "Nilimfundisha kazi, na alikuwa mwepesi wa kushika." Watu wakapiga makofi. Wewe ukamshukuru kwa kuja. Sikulaumu, ulikuwa umefiwa. Lakini maneno hayo nimelala nayo na kuamka nayo, na niliapa kwamba siku moja atayatapika palepale alipoyasemea.

Sasa sikiliza jambo la pili. Chini ya mchoro wa Daktari palitokea ripoti ya mwanafunzi. Unamkumbuka Njeri, yule msichana wa chuo cha kilimo aliyefanya mafunzo kwetu kabla Daktari hajafika, aliyekuwa anaogopa bata? Ripoti yake ina picha ya mashine, shimo likiwepo, beseni lako la bluu likiwepo, na chini ameandika kwamba imebuniwa na Mzee Sigei, mkulima wa Kuresoi, ambaye pia alimfundisha kupanga mbegu. Ripoti ilitoka kabla Daktari hajaomba hataza. Sheria hapo haina maneno mengi: kitu kilichokwisha kuonyeshwa watu hakiwezi kusajiliwa kuwa uvumbuzi mpya. Nilimtafuta Njeri. Siku hizi anafundisha shule moja kule Longonot. Nilipomweleza alisema, "Mimi nitasign kitu yoyote utaniletea. Huyo mzee alinilisha."

Kwa hiyo nimewasilisha pingamizi. Ningeweza kulituma bila jina, inaruhusiwa, na mkubwa wangu hapa kazini alinishauri nifanye hivyo. Nikakataa. Nataka Daktari ajue ni nani. Nimeandika Chelangat, binti wa Sigei wa Kuresoi. Nimeambatisha picha tatu, yetu, ya Njeri na mchoro wa Daktari, na nimewaomba wakaguzi wamuulize swali moja tu: kwa nini upenyo wa hewa una duara la kilemba cha jogoo.

Barua ya pingamizi ilimfikia Daktari. Namba yangu sijui aliipata wapi, lakini alinipigia, sauti imelainika kama uji.

"Binti yangu," akasema, "hizi ni mambo tunaweza ongea kama familia. Baba yako tulikuwa ndugu."

Nikamwambia mimi si binti yake.

"Sawa. Tuseme kulikuwa na makosa ya karatasi. Naweza ongeza jina ya mzee hapo, tuwe wawili. Huyo kijana wa Elburgon aendelee na kazi yake. Si hiyo ndio mnataka?"

Nitakuambia ukweli, Mama, hapo nilitikisika kidogo, kwa ajili ya Kibet. Kisha nikamkumbuka Baba kwenye benchi la mlangoni. Nikamwambia nataka asimame kanisani kwetu, mahali aliposimama siku ya mazishi, siku ya Jumapili watu wakiwa wamejaa, aseme nani alimfundisha nani. Akasema heshima yake haimruhusu. Nikamwambia basi nitaivua hiyo heshima kidogo kidogo, na sitachoka, kwa kuwa kutafuta ndiyo kazi ninayolipwa kufanya. Tayari nimezipitia hataza zake nyingine. Ana nyingine mbili zinazonitia shaka, na nina hakika kuna mkulima mahali fulani aliyemchinjia kuku.

Ukiniuliza kama nasikia vibaya, sisikii. Nalala vizuri kuliko nilivyolala tangu Baba aondoke.

Nisalimie Kibet na mke wake, na umwambie asiuze msasa na randa zake, atazihitaji. Nisalimie Shangazi Tapkigen na mzee wa kanisa aliyemsomea Baba sala za mwisho. Ile mashine iache ilipo ghalani, funika kwa turubai, na mtu yeyote akija kutaka kuinunua, hata awe mchungaji, mwambie haiuzwi.

Na sasa neno langu la mwisho. Pingamizi linaweza kuondolewa kabla halijasikizwa, na Daktari anajua hivyo. Anajua pia kwamba mimi simwogopi. Kwa hiyo hatarudi kwangu, atakuja kwako. Atakuja na sukari na unga, atapiga magoti kwenye zulia letu, atamtaja Mungu, na atalia machozi ya kweli, maana watu wa namna yake wanayo. Najua moyo wako. Tangu nizaliwe sijawahi kukukatalia jambo, na siwezi kuanza leo. Ukiniambia, Chelangat, mwachilie, nitaandika siku hiyohiyo kwamba nimeacha, na shimo la kuku litabaki kuwa lake.

Kwa hiyo nakuomba, Mama, kwa heshima yote niliyo nayo, usiniambie.

Mwanao anayekupenda,
Chelangat