Dada na tao la mawe

Shoga! Nimetoka hospitali na dada sasa hivi.

Si unalijua lile tangi lake la samaki wa baharini pale sebuleni? Wiki tatu nzima alikuwa anachagua mawe na kuyaunganisha kwa saruji, mpaka akapata tao zuri lenye mapango ya samaki kujifichia. Leo asubuhi ndiyo alikuwa analiteremsha majini, polepole, kama analaza mtoto.

Mumewe akaingia. “Hayo mawe unayahudumia kuliko mimi?”

Dada akamjibu bila kugeuka, “Ngoja nimalize, likiniponyoka litavunja kioo.”

Ngoja nimalize! Kosa lake ni hilo tu!

Jamaa akachukua nyundo, akalipiga tao likiwa mikononi mwa dada. MIKONONI MWAKE, shoga! Vidole viwili vimevunjika.

Pigo la pili likapasua kioo. Maji yakafurika sebule nzima, samaki wanarukaruka sakafuni. Dada akapiga magoti anawaokota kwa mkono mmoja, na yule mwanamume akawa anawaponda kwa kiatu, mmoja mmoja, huku anamkodolea macho. Kanisimulia yote kwenye teksi, hata chozi hana.

Tumefika, mtu katutangulia mapokezi! “Mke wangu kaangukiwa na mawe yake.”

Nesi akamuuliza dada, “Ni kweli, mama?”

Dada akauinua ule mkono uliovimba, akamnyooshea mumewe.

“Ni huyu. Andika. Na ya miaka sita nyuma nitakutajia, uandike pia.”