Pembe Hajawahi Kuzima Moteri

Ramazani,

Usianze kucheka. Ninakuandikia kwa kile Kiswahili cha kwenu, kile ambacho baba yako alikuja nacho kutoka Maniema, kilichonyooka kama suruali iliyotoka kwenye pasi. Ulikuwa unasema mtu aliyefukuzwa shule mwaka wa pili wa sekondari hawezi kuandika ukurasa mzima bila kujikwaa. Basi hesabu mwenyewe mahali ninapojikwaa. Ukichoka kuhesabu, ujue ni Katuba hiyo, mtaa wetu, inatoka, wala siizuii.

Leo ni arobaini yako. Watu watakuja baada ya sala ya alasiri. Mama yako na majirani wanapika wali uani kwenu, na harufu imefika mpaka huku kazini kwangu. Nimekaa juu ya mpira wa lori ambao nilipaswa kuuziba tangu asubuhi, na bosi ananitazama kwa jicho lile unalolijua. Sijaziba kitu. Ninaogopa, Rama. Umesikia vizuri. Ilunga, bingwa wa mdomo wa Katuba nzima, anaogopa ukurasa mmoja.

Tangu tulipokuzika, baba yako hajagusa pasi. Vyerehani vya dukani kwake vinalia kama kawaida, suti za abakosi zinashonwa, lakini zinatoka na mikunjo yake. Wakubwa wa maofisi ya mjini wanazichukua, wanazivaa, wanatembea kama watu waliolala na nguo zao, na hakuna hata mmoja anayethubutu kumwambia Mzee Saleh neno. Pasi iko juu ya rafu, na makaa ya zamani yamo ndani bado.

Halafu wiki iliyopita alikuja huku. Kwa miguu! Yule mzee asiyetoka kwenye kiti chake hata rais akipita. Alisimama katikati ya mipira na mafuta, kofia yake nyeupe kichwani, akasema: "Ilunga, siku ya arobaini nitawasha pasi. Weye utasoma. Ule mwanamuke wa mutoto wangu, usimuache pale ku daraja."

Nikajibu: "Ndiyo, Baba."

Ningejibu nini kingine? Mdomo huu ulisema ndiyo kabla mimi sijafika.

Na wewe uko wapi? Ulituacha juu ya daraja, mzigo wote, ukaondoka.

Wacha nikukumbushe ulivyonitesa tangu mwanzo, usije ukajifanya mtakatifu huko. Walipokupeleka Kilwa, kule ziwani, kwa mjomba wako muuza samaki, mimi ndiye niliyekutumia karatasi ya kwanza ya hadithi yetu kwa mkono wa dereva mmoja. Niliandika habari za Pembe, dereva wa lori, mtu mkubwa, mwenye sauti, asiyeogopa polisi wala matope. Chini nikaandika: Pembe ni wangu, mtu wa pili ni wako, chagua. Nilijua utaniletea jambazi, au mwanajeshi. Ukaniletea mama wa samaki! Mama Zabibu, amepanda lori langu na vikapu vyake na hataki kusema anashukia wapi. Ukaweka na sheria: kila mtu anasema kwa kinywa cha mtu wake tu. Mimi sifungui kinywa cha Zabibu, wewe hushiki usukani wa Pembe.

Sawa. Zamu yangu iliyofuata niliandika kurasa mpaka dereva akaniuliza kama ninapeleka kesi mahakamani. Mvua ikanyesha, barabara ikakatika, nikangoja, nikangoja. Siku lori lilipofika nilikimbia mpaka kiatu kikabaki njiani. Nafungua karatasi: "Mama Zabibu akakohoa."

Basi! Kikohozi!

Nilikuandikia kwa hasira: wiki ngapi ninangojea, unaniletea kikohozi? Ukanijibu: "Pembe amesema kurasa zote zile bila kupumua. Mama Zabibu angetia neno lake wapi? Alikohoa umupatie nafasi." Nilikukasirikia siku nzima, halafu nikacheka peke yangu kama mwehu, jioni nikifunga mipira.

Uliporudi tukapatana: ukurasa mmoja kwa kila mtu, hauzidi. Mimi nikaanza kuandika herufi ndogo kama sisimizi. Wewe ukachukua utepe wa kupimia wa baba yako, ukapima urefu wa herufi zangu mbele ya watu wote wa duka: "Muangalie mwenyewe, hii haiko maandishi, hii iko mushono!" Tukapiga kelele mpaka Mzee Saleh akagonga meza. Akatoa hukumu ambayo haiko katika kitabu chochote. Zamu ya mtu ni moto wa pasi. Yeye anajaza makaa, anaanza kupiga nguo, wewe unaanza kusoma. Pasi ikipoa na akairudisha kwenye jiko, unafunga kinywa, hata kama Pembe ana mguu mmoja hewani.

Ndiyo ikawa desturi ya kila Jumamosi. Mafundi wanatega masikio, muuza mikate anaweka beseni chini, wanawake wanajifanya wamekuja kupima vitenge. Na mimi nikagundua makaa. Unakumbuka? Nikawa ninamletea baba yako makaa mazito ya mti mgumu, yanayoshika moto muda mrefu. Zawadi tu, Baba! Wewe ulinusa kaa moja, ukasema: "Pembe amekuja na petroli yake mwenyewe." Watu walianguka kwa vicheko. Lakini kwa yale makaa nilisoma sana, ee. Wala sijutii.

Kitu kimoja tu Pembe hakukifanya hata mara moja: kuzima moteri. Demara ya lori, ile ya kuwashia, ilikufa zamani, na mtu akizima lazima watu washuke wasukume ndipo liwake tena. Kwa hiyo alilala moteri inawaka, alikula bukari yake moteri inawaka. "Hii moteri ilizaliwa inawaka, itakufa siku miye nakufa." Maneno ya Pembe hayo. Muuza mikate aliyajua kwa moyo.

Halafu tukafika darajani. Nililipenda lile daraja, Rama. Mbao zimeoza, mto umejaa, magurudumu ya mbele yameshapanda. Nyuma hakurudiki, mbele ubao unalia. Pasi ikapoa palepale. Watu waliguna duka zima, na mimi nikakupa daftari kwa mikono miwili kama askofu, kwa sababu nilijua safari hii nimekubana.

Wewe kichwa kilikuwa kinakuuma. Hukuja dukani. Nilipita dirishani kwenu nikapiga kelele: "Mama Zabibu, jibu! Tunazama!" Ukacheka kidogo mle ndani. Kile kicheko kilikuwa kidogo mno, lakini nilikipokea hivyohivyo.

Kesho yake dada yako Mwajuma aliniletea daftari. Mstari mmoja, herufi zimelala upande:

"Mama Zabibu akasema: Pembe, zima moteri. Huku chini kuna mtu anaita."

Nilikuja mbio kwenu nikugombeze kwa ufupi wako. Nikakuta wanakupandisha gari kwenda hospitali. Homa ilikuwa imepanda kichwani. Hukunijua. Uliniita jina la mjomba wako. Na uliporudi nyumbani...

Wacha. Unajua ulivyorudi.

Sasa kazi yangu ndiyo hii. Nimeandika zamu ya Pembe, nimechana, nimeandika tena. Katika moja, anayeita chini ya daraja ni mume wa Mama Zabibu. Katika nyingine ni mvuvi amenasa kwenye nguzo. Katika nyingine, usicheke, ni wewe. Ni nzuri! Ile yako ingemliza hata bosi wangu. Ndefu, pasi tatu zingepoa. Lakini katika zote, wakifika mahali pa kuitikia sauti ile, lazima Mama Zabibu aseme ni nani, kwa sababu yeye ndiye aliyesikia. Na kinywa chake si changu.

Nikajiambia: mwenye kinywa amekufa, sheria imekufa naye. Baba yake anataka mwisho, mpe mwisho.

Leo asubuhi nilipita dukani kumsomea Mwajuma, kwa siri, nione kama atalia. Alikuwa anatia vifungo kwenye abakosi, pini zimejipanga mdomoni mwake kama meno ya mamba. Nilisoma vizuri, mpaka na mikono ikicheza. Nilipofika "Mama Zabibu akalia kwa sauti kuu," akatema pini zote mkononi.

"Nani alikuambia Mama Zabibu analiaka?"

"Mwajuma, ni huzuni. Mtu analia."

"Hakuliaka hata siku moja. Na usimusemeshe. Ule haiko wako, yaya Ilunga." Yaya, kaka mkubwa, ndivyo anavyoniita hata akiwa na hasira.

Nikamwambia: "Sasa iko wa nani? Mwenyewe iko wapi?"

Neno baya, najua, limetoka. Mafundi walisimamisha miguu juu ya vyerehani. Nilidhani atanipiga na mkasi. Akaniangalia tu, na alipoongea sauti yake ilikuwa chini kabisa.

"Wangu," akasema. "Ramazani alikuwa ananiulizaka kila mara: Mwajuma, hapa mwanamuke angejibu nini? Miye minamujibu, yeye anaandika. Kile kikohozi cha Kilwa tu njo chake. Toka alirudi, yote iko yangu."

"Na mbona mafupi hivyo?"

"Pini, yaya. Niko na pini mu kinywa siku yote. Utasema maneno mingi namna gani?"

Ramazani! Mwizi wewe! Nimepigana na wewe juu ya urefu wa zamu, nimeletewa utepe, nimehukumiwa kwa pasi, ukanifundisha mbele ya watu kwamba ufupi ni akili, ukanisomea somo zima. Kumbe ni binti mwenye pini mdomoni! Nilicheka mle dukani mpaka nikakaa chini juu ya vipande vya nguo. Mwajuma naye akacheka, mara ya kwanza tangu siku ile.

Nikamuuliza. Nilishusha sauti: "Basi niambie. Ku chini ya daraja kuko nani?"

Akaanza kurudisha pini mdomoni, moja moja. Alibakiza nafasi ya neno.

"Ile ya mwisho hakuniuliza. Aliandika yeye peke."

Ndiyo maana nimekaa juu ya mpira huu mpaka sasa. Ule mstari ni wako mwenyewe. Ulikuwa umelala na homa, hukuita dada yako, ukachukua kalamu. Ulisikia kitu, Rama? Ulitaka kutuambia nini? Au ulikuwa unanibana tu, kama nilivyokubana mimi na daraja langu? Nimeusoma mstari ule mpaka karatasi imelainika kama kitambaa. Haunijibu. Unasema kitu kimoja tu, na unamwambia Pembe: zima.

Na Pembe anajua maana yake. Akizima hapo juu, lori haliwaki tena kwa nguvu zake. Atakaa na makelele yake yote yameisha, mto unapita chini, na atangoja watu washuke wasukume. Kurasa zote nilizochana ni Pembe anapiga kelele ili asizime. Hata ile ya wewe kuita ni moteri tu inaunguruma.

Jua limeanza kuinama. Ninamwona mpwa wako anapita na ndoo za maji ya kutawadhia. Nimeshaandika zamu yangu. Nitakusomea wewe kwanza, ili usiseme nimekuficha:

"Pembe akaangalia mto. Akaangalia mkono wake juu ya ufunguo. Akazima moteri. Akasema: Mama Zabibu, sasa nimenyamaza. Sikiliza weye."

Imekwisha. Baba yako atakuwa hajamaliza hata mguu mmoja wa suruali. Watu wataniangalia, muuza mikate atasema Ilunga ameugua. Na Mzee Saleh, ambaye aliniomba nimtoe yule mwanamke darajani, sijui atanitazama vipi pasi yake ikiwa mkononi na moto wote ule. Ninaogopa hapo kuliko mahali pengine. Lakini nimeamua. Daftari nitampa Mwajuma kwa mikono miwili, mbele ya watu wote. Atatoa pini. Atasema anachosikia, akisikia. Na akitaka kukaa kimya mpaka Jumamosi nyingine, au mpaka mvua zije, sitampigia kelele dirishani.

Hata makaa mazito nimeshapeleka. Si kwa ajili ya Pembe, ni kwa ajili ya Mama Zabibu.

Lala vizuri, mwizi wangu. Wasalimie wa huko, na usiwachoshe kwa vikohozi. Mimi nakuahidi hili, na unajua ahadi zangu ni nyingi, lakini hii ishike: siku Mama Zabibu atakaposema twende, nitashuka mimi wa kwanza, nitavua viatu, nitasukuma.

Ilunga