Mtihani Uliofutwa

Guangzhou, Jumatano, 1998

Nilishangilia kabla sijaelewa. Ndiyo tabia yangu.

Pale sokoni Zhongda, mama anayetuuzia vitambaa vya biashara yetu alisema serikali imefuta mtihani wa kuingia sekondari. Sasa kila mtoto ataenda shule iliyo karibu na kwao. Mwanangu Zuhura, anayekijua Kichina, akanitafsiria. Nikapiga vigelegele! Kule kwetu, mtihani wa darasa la saba ndio uliomkatia Zuhura masomo, na mimi nisiyewahi kukanyaga darasa nilitaka sana asome.

Kumbe Mei, binti wa muuzaji, yuko nyuma ya majora analia. Shule ya mtaani kwao ni mbovu. Amesoma mwaka mzima ili ashinde aende ile nzuri.

Nikamkumbatia. "Nyamaza, mjukuu wangu. Mtihani si kitu. Huyu Zuhura ulimfungia mlango."

Zuhura akamtafsiria. Mei akafuta kamasi, akauliza neno.

"Anasema nini?"

"Anauliza, mtihani usingekuwapo ningesoma wapi." Zuhura akacheka kidogo. "Wapi, mama? Kwetu sekondari ilikuwapo?"

Haikuwapo.

Miaka yote hii nimeulaani mtihani. Shule yenyewe sikuwahi kumdai mtu.